Kazi ya Kunyamaza Dakika Mbili

Shule mimi niliipita kwa nje. Ukuta wake naujua vizuri, maana niliuegemea miaka mingi nikiuza miwa, ila ndani sikuingia. Kwa hiyo ukisikia nimemsaidia mtu kujiandaa na mtihani wa Kiingereza, tena wa kuongea, usikimbilie kusema huyu mzee kaanza uongo wake. Uongo upo, sikatai. Lakini uko mbele kidogo, na tukiufikia nitakuonyesha kwa kidole.

Mpwa wangu ni muuguzi. Dada yangu, mama yake, aliolewa Mashewa huko upande wa Korogwe, lakini mtoto kazi alipangiwa zahanati ya kwetu Kang'ata, Handeni, basi akawa anakaa kwangu. Na kwetu Wazigua mjomba si mtu wa kukumbukwa siku ya kuletewa posa tu. Mtoto wa dada ni mzigo wako, ukimwona anayumba unaweka bega.

Mtoto akapata nafasi ya kwenda kufanya kazi hospitali ya Ulaya. Nchi gani usiniulize, kanitajia mara mia na mara mia imenitoka. Najua tu kwamba ni mbali, na kuna baridi ya kugandisha mkojo kabla haujafika chini. Barua ya kazi ilishakuja. Kilichobaki ni ule mtihani. Kusoma alipata, kuandika alipata, kusikiliza alipata. Kuongea akaanguka. Walitaka saba, yeye akaleta tano. Wakamwambia unaweza kurudia hicho kimoja tu, ila mwisho wa mwezi ukifika bila saba, nafasi yako tunampa mwingine.

Mimi sikuelewa. Huyu mtoto anaongea Kiingereza na simu, anaongea na daktari wa wilaya, hata akijigonga kidole analia kwa Kiingereza. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwuliza:

"Umeangukaje, mama?"

"Mjomba, yule mzee hakuniitikia."

"Mzee gani?"

"Msimamizi, kwenye kompyuta. Kanipa swali, elezea sehemu unayoipenda. Nikaanza na Mombo, basi likisimama watu wanavyokimbilia madirishani na matunda na mahindi ya kuchoma. Namwangalia, kimya. Nikasema labda hajasikia, nikaanza upya. Kimya. Kanikodolea macho kama nimekula mbuzi wake."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwomba radhi."

"Kwa kosa gani?"

"Si ningelijua, mjomba! Ndo maana nikamwomba radhi kwa yote."

Basi dakika mbili zake zikaishia kwenye kuomba radhi. Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, au nilicheka kidogo, kwa sababu jambo lenyewe nililielewa vizuri kuliko hao wa kwenye kompyuta.

Huku kwetu maneno ni kama kutwanga. Kinu kimoja, michi miwili. Wewe unashusha wako, mimi nashusha wangu. Ukisema, "Jana nilikwenda shamba," mimi lazima niseme, "Ehee." Ukisema, "Nikakuta mahindi yamelala," nasema, "Weee!" Ndo unapata nguvu ya kuendelea. Mtu akikusikiliza kimya, ama amekasirika, ama amekufa, na vyote viwili ni vya kusimamisha mazungumzo. Mtoto kalelewa hivyo tangu yuko mgongoni. Leo unampa mzungu wa jiwe, aongee naye vipi?

Nikamwambia, "Dawa yako ipo. Unataka mtu wa kukaa mbele yako anyamaze. Mimi hapa."

Mke wangu ndo akacheka upya.

"Wewe? Wewe unaongea hata ukiwa unapiga mswaki!"

Ni kweli. Mimi nimewahi kumwongelesha mtu njia nzima kutoka Handeni mjini hadi Kang'ata, tulipofika akaniambia alikuwa anakwenda Kilindi, hakupata pa kunikatiza. Lakini mtoto hakuwa na mtu mwingine. Wenzake wa zahanati wana kazi zao, na wiki zilizobaki zilikuwa tatu.

Tukaanza siku hiyohiyo baada ya swala ya alasiri. Nikavaa koti langu la harusi, ambalo sasa linafunga kifungo kimoja tu na hicho chenyewe kwa hasira. Nikavaa miwani ya mke wangu. Mtoto akakata vikaratasi kama karata, kila kimoja kina swali, na kwa vile mimi sisomi akanichorea picha: nyumba ni sehemu unayoipenda, kichwa ni mtu aliyekusaidia, kiatu ni kitu ulichowahi kupoteza. Kazi yangu ni kuvuta karata, kumpa, kubonyeza saa ya simu. Dakika moja ya kufikiri, mbili za kuongea, na mimi ninyamaze, nisitikise hata unyusi.

Nikavuta kiatu. Akafikiri. Akaanza.

Sasa mimi Kiingereza sijui hata cha kuombea maji. Lakini mdomo wangu haukujua kwamba haujui. Mtoto kasema maneno matano, mdomo ukasema, "Ehee!" Kasema mengine, "Loo! Kumbe!"

"Mjomba!"

"Imeponyoka."

Tukaanza tena. Safari hii nilibana meno. Akaongea, akaongea, akafika mahali sauti yake ikashuka, nikajua hapo pana huzuni, na kabla sijajizuia nikasema, "Pole sana, mama."

"Mjomba, ni kiatu tu!"

"Sasa mbona umekisema kama umefiwa?"

Mke wangu akaleta kikombe. "Jaza maji mdomoni," akasema. "Usimeze mpaka saa ilie." Ukiniuliza mimi, hilo ndo wazo bora alilowahi kulitoa tangu nimuoe. Nikajaza maji, mashavu yakawa kama ya mpuliza tarumbeta. Dakika ya kwanza ikapita. Mtoto akapata moto, akaanza kurusha mikono, na mimi ndani ya mdomo "ehee" zimejipanga foleni zinasukumana. Moja ikapenya. Maji yote yakaondoka nayo. Karata zikalowa, koti likalowa, kuku wakaja mbio kunywa wakidhani masika yameingia.

Hivyo tukaenda wiki nzima. Nilimwaga maji ya kutosha kumwagilia nusu eka ya mchicha. Lakini siku ya saba, sikudanganyi, nilikaa dakika mbili kavu, bila maji, bila neno. Taabu ikawa kwake. Kila nikinyamaza, dakika ya pili anaanza kunichunguza usoni, sauti inapungua, mwisho anasimama.

"Mjomba, ukinyamaza unatisha. Naona kama nimekukosea."

"Hujanikosea, mwanangu."

"Najua. Lakini tumbo langu halijui."

Nikaona labda sijaiva, uso wangu bado una maneno. Nikaamua nifanye mazoezi hata nje ya nyumba, niuzoeshe uso. Hapo ndo nilipoharibu.

Nilikwenda kijiwe cha kahawa, nikamkuta jirani yangu, mzee anayelima bonde la chini. Tukasalimiana, tukaulizana ya nyumbani, ya shamba, ya mifugo, ya wagonjwa, yote salama. Akaanza kunisimulia jinsi wale wanyama ambao Mwislamu hawataji kwa jina walivyoingia shamba lake la mahindi na kuligeuza uwanja wa mpira. Habari nzito. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikasema hapahapa ndo pa kujipima. Nikamkazia macho, nikafunga mdomo.

Akasema, akasubiri. Akasema tena, akasubiri. Akanywa kahawa kidogo. Akasema la tatu huku akiniangalia pembeni. Halafu akasimama, akakung'uta kanzu, akaondoka bila kuaga, kikombe bado kina moshi.

Asubuhi yake nikasikia hodi. Wazee watatu. Yule jirani mwenyewe, shemeji yake, na mzee mmoja wa miaka mingi sana, ambaye hapa kwetu hakuna ugomvi unaoisha bila yeye kuwepo. Mke wangu akatandika mkeka, tukawaamkia, wakaitikia marahaba kwa uzito wa msibani. Mzee mkubwa akakaa, akaegemeza kidevu kwenye fimbo, akasema:

"Tumekuja kwa heri, lakini si heri nyingi sana. Mna nini nyie wawili?"

Jirani akadakia. "Nimemsimulia huyu mtu hasara yangu, robo saa nzima, hakunipa hata mh! Hata mbwa ukimsimulia shida anatikisa mkia! Nimelala nikijiuliza nimemfanya nini. Kama ni lile jembe nililoazima, aseme!"

Lile jembe nilikuwa nimeshalisahau, nikashukuru kimoyomoyo kukumbushwa.

"Sina ugomvi," nikasema. "Nilikuwa najifunza kunyamaza."

Shemeji mtu akaguna. "Wewe ujifunze kunyamaza? Siku uliyozaliwa mkunga alikuomba upunguze."

Nikawaeleza habari yote, mtihani, Ulaya, kompyuta, mzee asiyeitikia. Walinitazama kama wanavyonitazama siku zote, yaani hawakuamini hata herufi. Bahati mtoto alikuwa bado hajaondoka kwenda zahanati, kasimama mlangoni na gauni lake la kazi.

"Kama ni kweli," jirani akasema, "basi aongee tumwone. Kunyamaza kitu gani! Mimi nitakaa hapa mpaka adhuhuri."

Nikachukua simu, nikavuta karata ya kichwa, mtu aliyekusaidia. Mtoto akasimama mbele ya mkeka, akakunja mikono kwa adabu, akaanza.

Jirani hakufika mbali. Sentensi ya pili tu, "Ehee!" Akaziba mdomo kwa kofia. Shemeji mtu akajikaza, shingo ikavimba, halafu akalipuka, "Kweli kabisa!"

"Kweli nini?" nikamwuliza.

"Sijui, lakini kasema vizuri."

Mtoto hakusimama. Alikuwa amemgeukia mzee mkubwa. Yule mzee hakutikisika. Kidevu kwenye fimbo, macho nusu wazi, uso umetulia kama mlima. Mtoto akamwongelesha yeye. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia, tumezoea hapo ndo anakwama, lakini wapi! Akachanja mbuga. Mkono ukatoka kwenye adabu yake ukaanza kuchora hewani. Akacheka katikati. Akashusha sauti, akaipandisha, mpaka saa ikalia, na yeye bado anataka kuongea.

Mlio wa simu ukamshtua mzee. Akanyanyua kidevu, akajipangusa mdomo.

"Ehe, wamepatana?"

Alikuwa amelala! Kalala na macho nusu wazi, tangu shemeji mtu aseme kweli kabisa.

Tulicheka mpaka jirani akanisamehe bila kuombwa. Lakini mtoto alikuwa hacheki. Kakaa kwenye kigoda, anatafakari.

"Mjomba," akasema, "huyu babu hakunikasirikia."

"Angekukasirikiaje, hakuwepo."

"Ndo hivyo. Na mimi nimeongea mpaka mwisho."

Kuanzia siku hiyo mzee mkubwa akawa msimamizi wetu. Anakuja saa ya chakula cha mchana, mtoto akiwa mapumziko, mke wangu anamshindilia ugali na kisamvu cha nazi, tunamweka kivulini upande wa jiko, hakai muda anasinzia kwa heshima zote. Mtoto anamwongelesha sehemu, mtu, kitu, safari, mwalimu, mvua. Siku nyingine alikuwa anakoroma na mtoto anaendelea juu ya mkoromo. Siku nikichukua zamu mimi, mtoto ananitazama usoni nilivyokaza, hatishiki tena, anaongea na mimi kama anaongea na gunia la mahindi. Nilifurahi, ingawa gunia lilinichoma kidogo.

Siku ya mtihani tukaenda Korogwe. Ilitakiwa chumba chenye intaneti ya uhakika, asiwepo mtu mwingine ndani, pasiwe na kelele, maana wanakuona na kukusikia kwenye kompyuta toka hukohuko kwao. Tulipata ofisi ya watu, chumba kizuri, feni, mlango unafungika. Mtoto akaingia. Mimi nikabaki nje kulinda.

Hatukuwa tumejua kwamba ukuta wa pili ni fundi wa kuchomelea mageti. Mlango umefungwa tu, jamaa akainua nyundo. Ga! Ga! Ga! Moyo ukanishuka hadi kwenye kandambili. Nikamkimbilia.

Sasa uongo ndo huu hapa, nimekuahidi kukuonyesha.

"Fundi, nakuomba kwa Mungu," nikamwambia, "humo ndani kuna binti anapimwa moyo. Mashine ni ya kusikiliza. Ukigonga chuma, inahesabu na nyundo yako, atapewa dawa ya moyo wa tembo."

Fundi akaiweka nyundo chini taratibu kama yai. "Pole sana, mzee. Ni mwanao?"

"Mtoto wa dada."

Akavua miwani yake ya kazi, akaja kukaa na mimi mlangoni. Mara gari la matangazo likatokea kona, spika mbili juu, linatangaza mnada. Fundi mwenyewe akalikimbilia katikati ya barabara, mikono juu. "Zima! Kuna mgonjwa wa moyo!" Likazima. Dereva akashuka kuuliza hali. Mama mmoja mwenye beseni la maandazi akasimama, akatua beseni, akaanza kumwombea dua kwa sauti ya ndani. Wakaongezeka. Sitazidisha nikisema walifika watu arobaini. Haya, kumi na wawili. Wote kimya, wananiangalia kwa huruma, na mimi uongo umeshakuwa mkubwa kuliko mimi, ikabidi niinamishe kichwa kama mtu mwenye mgonjwa.

Mlango ukafunguka. Mtoto akatoka, jasho linamtiririka, akakuta umati.

"Pole, binti," fundi akasema. "Moyo wameukutaje?"

Mtoto akanitazama. Nikatazama juu, kwenye bati.

"Unadunda," akasema.

"Alhamdulillahi!" umati wote. Yule mama akamlazimisha kuchukua maandazi mawili.

Tukatoka pale haraka, tukaenda kukaa kwa mama ntilie karibu na stendi. Alivyomaliza kunisema kuhusu moyo, nikamwuliza, "Haya, mzee wa jiwe alikuwaje?"

"Hakuwa mzee. Mama, mjomba. Mama mnene, anacheka. Kila nikisema neno anatikisa kichwa na kusema mh, mh, kama amezaliwa Kang'ata!"

"Loo! Sasa si vizuri?"

"Vizuri wapi! Nimejiandaa kuongea na babu aliyelala, naletewa mtu anayeitikia! Mwanzo nimebabaika, nikanyamaza kabisa, nikasahau hata sehemu yenyewe ninayoipenda ni ipi. Halafu nikasema liwalo na liwe, nikaongea kama niko jikoni na shangazi. Nimeongea mjomba, nimeongea. Mpaka akanikata kauli."

"Amekukata?"

"Mara mbili."

Kwetu mtu hakatwi kauli ila akiwa anatukana au anadanganya, na mimi ninajua, nimekatwa sana. Tukala bila hamu. Maandazi ya yule mama tulirudi nayo nyumbani mazima.

Siku za kungoja zilikuwa ndefu kuliko Ramadhani ya kiangazi. Mwezi unakatika, mtoto anakwenda zahanati, anarudi, anaangalia simu, anaigeuza kifudifudi. Mke wangu akapiga marufuku neno kauli ndani ya nyumba. Mimi nilishaanza kumpangia maneno ya kumfariji, kwamba Ulaya kwenyewe hakuna kisamvu.

Ikawa Alhamisi, niko shambani napalilia, nikamwona anakuja mbio na gauni la kazi, viatu mkononi. Nikaegemea jembe, lile lile la kuazima, lilikuwa limesharudi.

"Saba!" akapiga kelele akiwa bado mbali.

"Kati ya ngapi?"

"Tisa!"

"Na hizo mbili?"

"Hazihitajiki, mjomba! Saba ndo wanayotaka, saba kamili!"

Kuhusu kukatwa kauli, alishamwuliza mwenzake wa Dar aliyewahi kuufanya mtihani huo. Akaambiwa muda wako ukiisha wanakukata, wala si matusi, kuna watu wanatamani wakatwe wanakosa cha kukatiwa. Nilimbeba juu nikamzungusha, tukakanyaga mahindi mengi kuliko wale wanyama wasiotajwa.

Jumapili nikapanda gari mpaka Mashewa kumpelekea dada habari mwenyewe, kwa mdomo. Habari kama hiyo huipigii simu. Njia nzima niliipamba. Nilipofika nikamwambia mwanao kafaulu, mimi ndiye mwalimu, wazungu wameniulizia kama nina nafasi, ila baridi ya huko imenitisha. Dada alicheka, akanichinjia kuku, akaita majirani wasikie. Majirani walipoondoka akakaa, akawa anasukasuka ncha ya kanga.

"Kwa hiyo anaondoka kweli," akasema.

"Anaondoka."

"Alivyoanguka mara ya kwanza, mimi kidogo nilifurahi. Usimwambie."

"Simwambii."

"Wewe ungemwacha, angekaa. Akaolewa hapahapa, ningekuwa namwona. Huko akiumwa, nani atajua kwamba huyu akiumwa hasemi?"

Nina uongo wa kila namna, wa harusi, wa msiba, wa mafundi wa kuchomelea. Nilitafuta mmoja wa kumpa dada yangu, sikuupata. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba mtoto kaacha ujumbe: mshahara wa kwanza haleti pesa, analeta tiketi, mama yake aende akaone anapolala.

"Mimi? Kwenye ndege?" Dada akanyanyua uso. "Huko nitaongea na nani, wakati Kiswahili hawajui?"

Akafunika bakuli la mchuzi, akalifunua tena, akanisogezea paja lililobaki.

"Kula," akasema. "Halafu uniambie, hiyo baridi unayoisema, inataka kanga ngapi?"